Likitembea ni Lako, Likifa ni Letu

Watu wa Nyarero wakimtaja Mokami, huanzia siku ile wazee sita waliovaa suti waliposukuma Landrova kwenye matope ya Busawe, huku yeye yuko kwenye usukani, ametoa kichwa dirishani, anawaambia waongeze nguvu. Hapo watu hucheka. Mokami mwenyewe hacheki, maana siku ile ndiyo aliyokaribia kunyang'anywa gari.

Gari lenyewe aliliacha mumewe, Kisyeri Waitara. Alilinunua kwenye mnada wa misheni moja: Landrova ya petroli ya mwaka sabini na nane, bodi ndefu, kijani kilichopakwa kwa brashi. Kwa miaka ishirini na sita lilipeleka ndizi za Nyarero soko la Tarime, likabeba saruji, maharusi, wagonjwa na majeneza. Kisyeri alikuwa mtu wa kuugua malaria mara kwa mara, na kila ilipomlaza kitandani, mzigo ulipelekwa na Mokami. Alimfundisha mkewe kuendesha wakati binti yao wa kwanza, Felista, bado ananyonya. Mwanzoni watu walisimama barabarani kumshangaa. Baadaye wakazoea, wakawa wanasimama barabarani kumwomba lifti.

Kisyeri akafariki kwa ugonjwa wa figo. Matanga yalipomalizika, ukoo ulikaa kugawa mali. Shamba na nyumba havikuleta maneno. Gari ndilo lililoleta. Simioni, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mtu wa sauti nzito na kofia ya pama, na hakuwa amezoea kupingwa.

"Shemeji," alisema, "gari si sufuria. Gari ni kitu cha mwanaume."

Wengine waliona aibu kumpokonya mjane gari mbele ya kaburi lenye udongo mbichi. Wakazunguka na maneno, mwisho Simioni akatoa uamuzi kwa niaba ya wote. "Likitembea ni lako. Likifa ni letu. Siku litakapokufa tutaliuza chuma chakavu, tugawane."

Mokami alikubali. Alikuwa hajalala siku nne na alitaka watu waondoke kwake. Alivyokuja kutulia na kuyafikiria yale maneno, alijichukia kwa kukubali.

Mwaka wa kwanza gari halikumsumbua. Mwaka wa pili betri ikaanza kuisha. Leo linawaka, kesho linatoa mlio mmoja tu wa kwikwi, kisha kimya. Mokami akaanza kuliegesha juu ya mteremko, pembeni ya mibuni, ili asubuhi aliachie lishuke na kuliwasha kwa gia. Boma la Simioni lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi alimwona shemeji yake amesimama getini, mswaki mdomoni, anasikiliza kama litawaka.

Alilipeleka Tarime mjini kwa Nassib, fundi umeme wa magari, mtu wa Tabora aliyehamia zamani, mpole na asiye na tamaa. Nassib aliwasha injini, akakanyaga mafuta kupiga resi ya nguvu, akaweka mita kwenye betri.

"Inasoma volti kumi na nne, mama. Inachaji vizuri tu. Ila hii alternata imezeeka, nadhani inakatakata. Tubadilishe."

Wakabadilisha hiyo mashine ndogo inayotengeneza umeme wa kuchaji betri. Siku ya tatu betri ikafa. Wakabadilisha betri, nayo ikafa. Wakaweka alternata nyingine, Nassib akapiga resi, mita ikasoma kumi na nne, wote wawili wakafurahi. Wiki haikuisha, Mokami alikuwa tena juu ya mteremko.

Aliporudi safari ya nne, Nassib alifungua boneti, akakuna kichwa. "Labda tujaribu alternata nyingine."

"Nassib, alternata tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja."

"Mama, haya magari ya zamani yana mambo yake. Ningekuwa wewe ningeuza."

"Wewe si mimi," alisema Mokami, akafunga boneti mwenyewe.

Basi akawa anaishi hivyo, kwa mteremko na kwa kuchajisha betri dukani senta, mpaka ulipotokea msiba wa shangazi wa ukoo aliyeolewa Busawe, huko Serengeti. Usafiri ulikuwa mgumu, na wazee waliona heri Landrova. Walipanda sita, Simioni mbele. Kwenda walikwenda vizuri. Siku ya maziko Mokami aliongoza msafara wa jeneza kwa mwendo wa miguu, taa zimewashwa, kwa karibu saa nzima. Baada ya kuzika wakaanza safari ya kurudi, mvua ikiwa imenyesha. Hawakufika mbali. Injini ilikohoa mara mbili, ikazima katikati ya tope.

Wazee wakashuka. Wakasukuma, likawaka, likaenda hatua chache, likazima. Wakasukuma tena. Mwishowe ng'ombe wanne wa kulimia walifunguliwa kutoka shamba la jirani, wakalivuta mpaka pakavu. Simioni alikuwa na tope mpaka magotini, na suti yake ilikuwa ya kuazima.

"Limekufa," alisema. "Mmeona wote kwa macho yenu."

"Halijafa. Betri imeisha."

"Shemeji, usitufanye watoto. Gari linalovutwa na ng'ombe limekufa. Jumamosi ijayo tunakaa kwangu, na mnunuzi wa vyuma atakuja na lori."

Mokami aliwatazama wazee mmoja mmoja, wote wakawa wanafuta viatu.

Kwa betri ya kuazima alilifikisha gari Nyarero. Siku ya Jumatatu alikuwa amekaa juu ya bampa, mikono mapajani, wakati mpangaji wake alipotoka shuleni. Huyo alikuwa Kokushubira, mwalimu wa fizikia aliyepangiwa kazi kutoka Kagera, dada wa miaka thelathini hivi, aliyekaa chumba cha uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Unayo ile mita yako?"

"Ninayo. Unataka kupima nini?"

"Kila kitu. Sitabadilisha tena chochote mpaka nijue kinachougua ni kipi."

Walianza na betri, injini ikiwa imezimwa. Ilikuwa imetoka kuchajiwa senta, ikasoma kumi na mbili na nukta sita. Mokami akawasha injini, akaiacha ingurume polepole. Namba ikashuka: kumi na mbili na nukta tatu, nukta mbili, nukta moja.

"Haipokei chochote," alisema mwalimu. "Ingekuwa inachaji, namba ingepanda mpaka karibu kumi na nne."

Mokami alikuwa amewahi kumwona Kisyeri akihangaika na waya wa ati, ule mnene unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kufungwa kwenye chuma cha gari. Akaingia chini na spana. Aliukuta umefungwa juu ya rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Alikwangua kwa kisu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya. Alitoka chini ana kutu kwenye nyusi na moyo umejaa matumaini. Wakawasha. Kumi na mbili na nukta mbili.

Mokami aliirusha ile spana kwenye mibuni. Kisha yule mama akapanda kwenye gari kwa hasira, akakanyaga mafuta mpaka injini ikalia kama inaomba msaada, kuku wakatawanyika uani.

"Mama!" mwalimu akapiga kelele. "Mama, imepanda! Kumi na nne!"

Mokami akaachia mguu. Injini ikatulia. "Imeshuka?"

"Haijashuka. Imebaki hapo hapo."

Akazima. Akawasha tena, polepole. Kumi na mbili. Akapiga resi kubwa. Kumi na nne, ikakaa. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Alishuka, akasimama mbele ya boneti, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia kwamba gari linamwambia kitu.

"Inajua kuchaji," alisema taratibu. "Haijui kuanza."

Hapo akamwelewa Nassib. Kila alipompelekea gari, fundi alipiga resi kwanza ndipo akapima. Na yeye Mokami alipotoka kwa Nassib alipita lami kwa mwendo wa kasi, kila kitu kikaonekana kizima. Huku nyumbani ndiko alikowasha na kwenda polepole kwenye mashimo, akisimama kila baada ya hatua kupakia ndizi. Na Busawe alitembea saa nzima kwa mwendo wa waombolezaji na taa zikiwaka. Betri ilikuwa inatoa tu, hairudishiwi.

"Mwalimu, niambie. Kitu kinachotengeneza umeme kinashindwaje kuanza?"

Kokushubira alichukua kijiti, akachora kwenye vumbi. "Ndani yake kuna sumaku inayozunguka. Lakini si sumaku ya kudumu, ni waya uliosokotwa. Ukiupitishia umeme kidogo, unakuwa sumaku. Usipoupitishia, ni chuma kinachozunguka bure. Ukikizungusha kwa kasi sana, usumaku kidogo uliobaki humo unaweza kukiamsha chenyewe."

"Umeme huo kidogo wa kuanzia unatoka wapi?"

"Kwenye betri."

"Najua ni kwenye betri. Unapita njia gani?"

Mwalimu akacheka. "Hapo mama umenishinda. Darasani tunaishia kwenye mchoro."

"Basi tuifuate."

Nyuma ya alternata kulikuwa na nyaya nene na mwembamba mmoja, wa kahawia wenye mstari wa njano uliofifia. Mokami aliushika kama anavyoshika kamba ya ndama. Ukapita pembeni ya injini, ukatoboa ukuta wa chuma, ukaingia chini ya dashibodi. Alilala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya usukani, tochi ya simu mdomoni. Waya haukwenda kwenye fyuzi wala kwenye swichi. Ulipanda mpaka nyuma ya saa za dashibodi, ukaishia kwenye balbu ndogo kama punje ya hindi.

"Umeishia kwenye taa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedanganywa. "Taa ya chaji."

"Ile nyekundu?"

"Hiyo hiyo. Lakini hiyo haijawahi kuwaka. Nilikuwa nafurahi kwamba haiwaki! Kila mtu anajua ikiwaka nyekundu barabarani ndiyo gari lina shida."

Alijivuta akatoka, akakaa kwenye kiti na kuzungusha ufunguo kidogo bila kuwasha injini. Mahali pa taa hiyo palibaki giza. Mara akamwona Kisyeri, kama yuko pale, asubuhi na koti lake la sufi, anazungusha ufunguo na kusubiri. Alikuwa hawashi injini kabla kile kitaa hakijawaka chekundu. Alikuwa anakiuliza kama anayemwamsha kijana, "Umeamka, mura?" kisha ndipo anapiga stata, nacho kinazimika. Miaka yote Mokami alidhani ni utani wa asubuhi.

Aliichomoa ile balbu, akaiweka kwenye mwanga wa jua. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika.

Kokushubira alishika kichwa. "Umeme wa kuanzia unapita ndani ya taa! Balbu ikiungua, njia imekatika."

Pale kwenye dashibodi palikuwa na balbu nyingine ya aina ile ile, ya kuonyesha kwamba taa kubwa za mbele zimepandishwa. Mokami akaihamisha. Akazungusha ufunguo. Kitaa kikawaka chekundu, kidogo, kama jicho la njiwa. Akapiga stata, injini ikanguruma polepole, kitaa kikafifia, kikazimika. Nje mwalimu alikuwa anasoma mita kwa sauti: kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, kumi na nne. Bila resi.

Mokami alikumbatia usukani akalia. Alilia kwa ajili ya Kisyeri, na kwa ajili ya hasira, na kwa ajili ya alternata tatu. Alipomaliza kulia alimpigia simu Nassib.

"Fundi, ulikuwa unapiga resi kabla ya kupima?"

"Lazima, mama."

"Basi usipige tena. Na kabla ya kuwasha, tazama kwanza kama taa ya chaji inawaka."

"Mama, usiniambie ni balbu."

"Ni balbu."

Siku nne zilizobaki hakumwambia mtu. Hakuwasha gari hata mara moja mchana ambapo Simioni angesikia. Alikagua maji ya betri, akakaza mkanda wa feni, akaosha bodi kwa sabuni. Jumamosi saa nne asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akaweka ufunguo, akasubiri kitaa, akawasha.

Kutoka kwake mpaka kwa Simioni ni hatua mia moja. Aliingia bomani amewasha taa kubwa mchana kweupe, akaegesha mbele ya viti vya wazee na kushuka. Injini hakuizima.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu, wakitazama taa.

Kando lilisimama lori la mnunuzi wa vyuma. Simioni alinyanyua mkono. "Zima hilo, tuongee."

"Liache liendelee, shemeji. Mnataka kujua kama limekufa. Lisikilizeni."

Kikao kilichukua saa mbili na nusu, na kwa muda wote huo Landrova ilinguruma, taa zinawaka, wazee wanalazimika kupaza sauti. Simioni aliongea kuhusu Busawe, kuhusu aibu, kuhusu suti. Mara kwa mara aliligeukia gari kama anayesubiri likohoe. Halikukohoa. Mwishowe Mokami aliinuka, akazima injini, akahesabu mpaka kumi kwa sauti, akawasha. Likaitika mara moja.

Mnunuzi wa vyuma alisimama, akapangusa suruali. "Mzee, mimi nanunua vyuma. Hili ni gari." Akapanda lori lake akaondoka.

Simioni alivua kofia, akaiweka magotini. "Haya," alisema. "Limetembea. Basi litabaki kwako, mpaka hapo litakapokufa."

Wazee wakaanza kuguna kwa kukubali, mmoja akawa tayari ameshika fimbo yake ya kuondokea. Ingeishia hapo, na Mokami angeweza kurudi nyumbani na ushindi wake.

"Hapana," alisema.

Fimbo ikarudi chini.

"Siku ile ya matanga mlisema likitembea ni langu, likifa ni lenu, nami nikanyamaza. Leo sinyamazi. Gari hili ni langu likitembea, na ni langu likiwa limesimama juu ya mawe bila matairi. Likifa kesho litafia kwangu. Sikuja hapa kuomba kuongezewa siku."

Mzee Werema, mkubwa kuliko wote, aliinua uso. "Unatuambia ukoo hauna neno?"

"Una neno kwa mambo mengi, tata," alisema kwa heshima ya mtoto kwa baba. "Kwa hili hauna."

"Uliolewa kwa ng'ombe wa ukoo huu!" Simioni alifoka.

"Ng'ombe walikwenda kwa baba yangu, shemeji. Hawakununua mikono yangu. Kwa mikono hii nimewabebea wagonjwa wenu na majeneza yenu, na wiki hii mikono hii hii imeona kile ambacho mafundi hawakukiona. Sitakuja kwenye kikao kingine cha gari hili. Mkikaa, kaeni bila mimi."

Akapanda, akaondoka. Nyuma yake kulizuka kelele, wengine wakimlaani, wengine wakimwambia Simioni alijitakia.

Hakuna aliyemwomba radhi. Simioni hakumsalimia kwa mwaka mzima. Wake wa ukoo wawili waliacha kumwita kwenye kazi za pamoja, na wakati wa mavuno alivuna mahindi yake na Felista na mwalimu tu. Iliuma, na hakujifanya kwamba haiumi. Lakini tangu wiki ile alianza safari za mahakama ya mwanzo kufungua mirathi: cheti cha kifo, barua ya mtendaji, mashahidi, tarehe ikapigwa, ikaahirishwa kwa kuwa Simioni hakutokea, ikapigwa nyingine, ikaahirishwa. Mara ya tatu Mokami alikataa kutoka kwenye benchi mpaka apangiwe siku ya karibu, na akapangiwa. Siku hiyo alitokea mtu mmoja kumtolea ushahidi ambaye hakumtarajia: mzee Werema, na fimbo yake. Alisema maneno machache, kwamba gari lilikuwa la Kisyeri na Kisyeri alikuwa na mke, akarudi kukaa.

Hukumu ilipotoka, Mokami aliendesha Landrova mpaka ofisi ya kubadilisha kadi za magari, akapanga karatasi zake mbele ya karani. Yule kijana alisoma mwaka wa gari, akasoma tena, akachungulia dirishani.

"Mama, sabini na nane? Linatembea kweli hili?"

"Hilo si swali lako," alisema Mokami. "Andika jina. Mokami, kwa herufi kubwa."